Na Wapagazi Wao

Fundi hakuwa mtu wa kusahihisha herufi. Akikosea, alibomoa bamba zima na kuanza upya.

Nilimwona akifanya hivyo wiki ya kwanza tu baada ya kufika kwenye ule mji mdogo wa vilimani, Ileje. Lilikuwa kaburi la mzee wa kanisa. Mvua ilikuwa inanyesha, ndugu wamejibana chini ya miamvuli, na nyumbani chakula kimeshapakuliwa. Jina la marehemu Fundi alikuwa ametajiwa kwa mdomo. Kilipoletwa cheti ikaonekana jina la kati lina herufi moja zaidi. Mtoto mkubwa wa marehemu akasema, "Acha tu, Fundi. Mungu anamjua."

Fundi akainua nyundo. "Mungu anamjua, sawa. Mimi nina wasiwasi na nyie."

Akavunja. Tukasimama pale saa mbili zaidi, miguu imelowa, tukimlaani kimoyomoyo. Nilimchukia siku ile. Leo nikikumbuka ninajichukia mimi, lakini habari hiyo itakuja.

Kazi yake ilikuwa makaburi. Nyumba alijenga pia, na vyoo vya shule, ila watu walimjua kwa makaburi. Aliandika kwa msumari wa nchi sita kwenye saruji mbichi, kisha akafunika maandishi kwa majani ya migomba mpaka yakauke, kwa sababu kule mvua haina adabu. Inaweza kuanza Novemba ikaondoka Mei na katikati hujaona jua siku tatu mfululizo. Alikuwa Mndali, na ulimi wake haukuwa na R. Alisema "kabuli", akasema "hasila"; humu nimemwandikia R zake mimi. Lakini akiandika, hakuna R iliyompotea. Niliwahi kumuuliza anajuaje pa kuiweka. Akaniambia, "Madamu, mdomo ni wangu, naufanya nitakavyo. Jina ni la mwenyewe."

Msidhani ninamsifia mtakatifu. Alikuwa mkali mpaka kero. Wasaidizi wake wote aliwaita "wewe", yeye aliyekuwa radhi kugombana na kijiji kizima kwa ajili ya herufi moja. Mkewe alifariki mwaka wa tatu wa mimi kuwa pale, na kaburi lake lilibaki tuta la udongo na msalaba wa mti, mwaka ukapita, ukapita mwingine. Fundi wa makaburi wa mji mzima! Nilipothubutu kumuuliza, aliutupa mwiko chini ukachomeka kwenye tope, akasema, "Hilo halikuhusu." Sikujua sababu, na mpaka leo sijui.

Kulikuwa na mnara pale mjini. Upo hadi sasa, juu ya kilima kidogo karibu na barabara ya zahanati, umezungushiwa mnyororo wa chuma. Mawe yamechongwa vizuri, juu umechongoka, na mbele una bamba la shaba. Waingereza waliujenga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wamemaliza kupigana na Wajerumani kwenye mpaka wetu, kwenye mashamba yetu, kwa migongo ya watu wetu. Kwenye bamba kuna majina manne ya maofisa, kila mmoja na cheo chake, kikosi chake na siku aliyokufa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari mmoja wa Kiingereza: na wapagazi wao.

Basi. Hawakuandika walikuwa wangapi wala walitoka wapi. Na hilo "wao" ndilo linalonipandisha damu hata sasa ninapoandika. Wao! Kama vile mtu anavyosema: "na mbwa wao, na mahema yao".

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita pale Jumamosi moja, somo la historia, mvua ya manyunyu. Tulimkuta Fundi anafagia kuuzunguka mnara. Alikuwa akifagia kila Jumamosi, kumbe, na hakuna aliyemtuma. Nikawasomea watoto majina manne, nikaeleza vyeo. Nilipogeuka tuondoke, Fundi akaegemea fagio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, madamu. Hapo chini pameandikwaje?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Wewe umesema kweli. Mwalimu aliyekutangulia aliniambia ni jina la kampuni iliyojenga."

Kumbe alikuwa anajua siku zote. Kila mwalimu mpya aliyepita pale, Fundi alimuuliza swali lile lile, apate kujua kama atausoma ule mstari au atauruka. Mimi nilikuwa nimeuruka pia mbele ya watoto. Nilimjibu tu kwa kuwa aliuliza.

Nilimuuliza kama babu yake alikuwa mmoja wao. "Sijui," akasema, na sauti ikapanda. "Sijui! Shida yenyewe ndiyo hiyo. Ningejua ningekuwa na hasira ya kwetu tu. Sasa imebidi niwe na hasira ya kila nyumba."

Baada ya siku ile alinionyesha daftari lake. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulibeba kifuani, chini ya koti la mvua. Kila alipoitwa kujenga kaburi, kabla hajachanganya saruji, aliketi na wazee wa nyumba ile akawauliza: kwenu kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi? Akaandika. Akaenda hivyo kijiji hadi kijiji, akavuka mto Songwe kwenda kwa jamaa wa upande wa Malawi, akafika hadi Chitete kwa gari la mizigo na kurudi na homa. Alijiwekea sharti: jina haliingii daftarini kwa wino mpaka litajwe na nyumba mbili zisizopikiana, zisizo na undugu. Kabla ya hapo lilikaa kwa penseli. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alitaka babu yake aandikwe, na Fundi akagundua babu yule alirudi salama akaoa wake wawili zaidi. Akalifuta mbele yake. Mzee akanuna mwaka mzima, na Fundi akaona ni sawa tu.

Nilifuatana naye mara moja, kwa bibi mmoja kipofu aliyeishi bondeni kwenye kahawa. Bibi akatueleza habari ya kaka wa bibi yake. Walimkuta juu ya paa anaezeka nyumba yake ya ndoa. Askari wakamwambia ashuke. Akasema ngoja nimalize upande huu. Wakatikisa ngazi. Akashuka, wakamtwisha sanduku, na nyumba ikabaki nusu. Mchumba wake alikaa ndani ya ile nusu misimu miwili ya mvua akisubiri.

"Aliitwa nani?" Fundi akauliza.

"Jina la nyumbani sikuambiwa. Walimwita Mwezekaji."

Nikadhani atakataa, kwa jinsi nilivyomjua. Lakini akaandika kwa penseli, polepole, midomo ikitembea. Njiani nikamwambia, lile si jina hasa. Akasimama kwenye utelezi. "Yule mchumba akitoka nje akitazama barabara, alikuwa anasubiri nani? Si Mwezekaji? Basi." Nyumba ya pili iliyomthibitisha aliipata baada ya miezi minane.

Majina yalifika arobaini na moja.

Ndipo ikaja habari ya wageni. Jamaa wa mmoja wa wale maofisa wanne walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kuuona mnara. Mji ukapagawa. Ikaundwa kamati ya mapokezi, na mwenyekiti wake akawa mfanyabiashara mmoja mstaafu, mtu wa suti na simu mbili, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Barabara ya zahanati, ambayo akina mama wajawazito walikuwa wakisukumwa juu yake kwa baiskeli kwenye tope, ilimwagiwa kifusi kwa siku mbili. Kwa siku mbili! Miaka yote tuliambiwa kifusi hakuna.

Fundi akapewa kazi ya kukarabati mnara, nami nikapewa ukalimani. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda Tunduma aliko mume wangu, watoto wetu wakilelewa na simu, na Mwenyekiti alikuwa ameniambia kwamba wageni wakiondoka wameridhika, atanisemea kwa wakubwa.

Fundi aliukarabati mnara vizuri kuliko ulivyojengwa. Aliziba nyufa, akang'arisha shaba, akapaka mnyororo rangi nyeusi. Kisha akatandika turubai mbele ya mnara, kwenye nyasi, na chini yake akamimina bamba la zege la kwake, kwa saruji yake. Aliandika siku tatu. Hakujificha. Watu walipita na kuchungulia, na wengine walisimama muda mrefu wakisoma kwa kidole.

Mwenyekiti alifika mchana wa siku ya kuamkia ujio. Nilikuwepo.

"Nini hiki?"

"Wapagazi."

"Nani amekuruhusu?"

"Hao wanne juu, nani aliwaruhusu?"

Mwenyekiti akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. "Fundi, wageni wamekuja kuwaomboleza watu wao. Unataka wajisikie vibaya?"

"Ndiyo," Fundi akasema. "Kidogo."

Akaamriwa avunje. Akamnyooshea Mwenyekiti nyundo, akamwambia, "Anza wewe. Anza na huyu hapa, ni mtu wa ukoo wa mama yako." Mwenyekiti hakuishika ile nyundo. Vijana wa kazi nao walipoambiwa walirudi nyuma, maana lilikuwa bamba la majina ya wafu, na kule kwetu hakuna mtu wa kugonga kitu kama hicho akalala.

Nikadhani tumeshinda.

Asubuhi walileta hema, zulia jekundu na viti. Zulia likatandikwa juu ya bamba, na viti vikapangwa juu ya zulia. Kwisha habari. Hawakuhitaji kuvunja chochote.

Kabla wageni hawajafika Fundi alinijia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Madamu, wakiuliza, wewe ndiye mdomo wetu. Waambie wainue zulia tu."

"Nitawaambia, Fundi."

Nilisema hivyo. Nilitamka.

Walikuja na magari mawili. Alikuwepo mama wa kizungu, mzee, mpole, mjukuu wa ndugu wa yule ofisa. Alilia alipogusa jina. Simlaumu, alikuwa analia kwa haki. Mvua ikaanza kupiga juu ya hema kwa kelele, akina baba wa kamati wakagombania kumshikia mwavuli ilhali yuko ndani ya hema. Fundi hakuruhusiwa kuvuka mnyororo. Alisimama upande wa pili na watu wengine, mvua inamwagika juu ya shati lake jeupe.

Yule mama akainama akasoma mstari wa chini. Akanigeukia mimi. Akauliza kama majina ya wapagazi yanajulikana.

Nikamtafsiria Mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama usoni, akitabasamu. "Mwambie hayajulikani. Wazee wetu hawakuwa watu wa maandishi."

Nilikuwa nimesimama juu ya zulia. Chini ya kiatu changu cha kulia nilihisi kingo za herufi. Nilitazama ng'ambo nikamwona Fundi, ameinua shingo, anangoja. Nikawaza Tunduma. Nikawaza mwanangu wa mwisho aliyeanza kumwita jirani mama.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, kama nilivyofundishwa chuoni.

Yule mama akasikitika. Akachomoa ua moja kwenye shada lake, akaliweka kwenye zulia, kwa ajili yao, akasema. Kamati ikapiga makofi.

Walipoondoka, wakiharakishwa na mvua, nilimpita Fundi kwenye mnyororo.

"Wameuliza?"

"Wameuliza."

"Ukasema?"

"Nitakuja nyumbani tuzungumze," nikasema, na nikaharakisha kama niliyesahau chungu motoni.

Sikwenda. Wiki iliyofuata waliletwa vibarua kutoka mbali, watu wasio na mtu wao pale, wakalivunja bamba. Na vipande walivitupa wapi? Kwenye shimo la barabara, pale gari huteleza karibu na soko, wakavishindilia. Nilipita nikaona kipande kimelala kifudifudi na kingine kimelala chali, kina herufi tatu, na tairi la pikipiki likapita juu. Nilitaka kuwatukana. Ningewatukana kwa mdomo upi?

Fundi hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliendelea kuitika salamu yangu, "Marahaba," na hakuongeza "madamu." Barua yangu ya uhamisho ilitoka baada ya miezi miwili.

Nilirudi kule mara moja, kwa msiba wa mwalimu mwenzangu, miaka minne baadaye. Kwenye makaburi ya familia yake nikaona kitu. Chini ya jina la marehemu wa mwaka juzi kulikuwa na mstari mwingine, kwa mkono ule ule wa msumari: jina la mtu, na maneno "alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi". Nikatembea. Kaburi la tatu nalo lina mstari. Nikawauliza wenyeji. Wakasema Fundi alikuwa hapokei kazi ya kaburi la nyumba yenye mtu wake daftarini mpaka familia ikubali mstari ule. Baadaye familia zikawa zinamwomba zenyewe. Kuna makaburi hivyo Isongole, wakasema, kuna mengine hadi ng'ambo ya mto. Sasa wapeleke kifusi huko. Wapeleke mazulia. Nilifurahi kwa hasira, kama ipo furaha ya namna hiyo.

Mwezi uliopita nilisikia yuko Chapwa, si mbali na ninapoishi, kwa binti yake anayeuza mchele mpakani. Macho yalikuwa yamemwisha. Miaka ya chokaa na saruji, alisema daktari. Nilizunguka nyumba ile siku tatu kabla ya kubisha hodi. Barabara nzima ilikuwa imejaa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, injini zinanguruma, na binti yake alikuwa uani akipatana na mteja nusu kwa Kibemba. Akaniashiria niingie.

Fundi alikuwa ameketi hapo hapo uani kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, mikono ile ile mikubwa.

"Shikamoo, Fundi."

Akageuza sikio. "Marahaba." Kisha: "Ni yule wa zulia."

"Ndiye."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Watoto, uhamisho, mume. Nikaanza, akainua kiganja.

"Hayo baadaye. Mimi nina jambo moja. Siku ile mvua ilipiga kelele sana, sikusikia. Yule mama alikuuliza, ukamjibu. Ulimjibu nini?"

Nikamwambia kwa Kiswahili.

"Hapana. Kwa lugha uliyosemea."

"Fundi, tafadhali."

"Sema."

Nikasema kwa Kiingereza, pale uani, binti yake ameacha kupima mchele anatutazama. Fundi alisikiliza hadi neno la mwisho, midomo yake ikitembea kidogo, kama ilivyotembea alipokuwa akiandika.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," akasema.



Lori likapita, bati zikatikisika. Fundi akapapasa pembeni, akavuta kigoda, akakisogeza kuelekea ilikokuwa sauti yangu.

"Sijakusamehe, madamu. Usije ukatoka hapa ukasema kwa watu kwamba Fundi amekusamehe." Akamwita binti yake alete maji ya kunawa. "Ila kaa, ule."

Nikakaa. Ugali ulikuja na maharage, tukanawa kwenye beseni moja, yeye kwanza, kisha mimi. Tulikula sahani moja mpaka ikaisha.